Mafunzo ya Vita Kutoka Juu ya Dungu

Baba yangu akiitwa Faki, mtu wa Gando. Mama yangu akiitwa Mize, mzaliwa wa Makangale, na huko Makangale ndiko nilikozaliwa mimi, katika nyumba ya udongo iliyotazama bonde la mpunga na kuupa mgongo msitu wa Ngezi. Andika hivyo, mjukuu wangu, wala usiongeze kitu. Mtu anayetoa mafunzo ya vita ni haki aulizwe ametoka wapi na alipigana na nani.

Nawe unayesoma, rafiki yangu, fahamu kwamba mimi sikukanyaga skuli. Maneno ni yangu, mkono ni wa mjukuu wangu wa kike, ambaye ameketi ukingoni mwa kitanda changu hapa Mtambile. Tangu nilipovunjika nyonga sitoki katika chumba hiki. Nina dirisha lenye nondo, nina barabara nje yake na gari zinazobeba mihogo na abiria, na nina simu ya binti huyu, ambayo ndiyo iliyonirudisha utotoni bila ya ridhaa yangu.

Alasiri moja nilimsikia akisonya, akaitupa simu juu ya mkeka.

"Una nini weye?" nikamwuliza.

"Nimeuliwa, bibi."

"Na nani?"

"Mbwa mwitu."

"Si jana walikuua hao hao?"

"Na juzi," akasema, akajifunika uso kwa mtandio.

Nikamwamrisha anionyeshe. Ni mchezo wa mtandaoni. Wachezaji kila mmoja yuko kwao, huyu Dar es Salaam, yule Mombasa, mwingine hajulikani aliko, nao hukutana katika nchi isiyokuwepo. Kila mmoja ana mtu wake mdogo ndani ya kioo, mwenye upanga au upinde. Anayeanza hutupwa katika bonde lililozungukwa na vilima, na mwisho wa bonde pana lango la kijiji chenye ghala ya chakula. Mbwa mwitu na mazimwi hushuka vilimani kwa mafungu kuja kulivunja lango hilo, na mgeni hapewi njia ya kutoka bondeni mpaka alilinde kutoka asubuhi ya mchezo hadi magharibi yake. Akifa, huzinduka kando ya kisima na kuanza upya. Mjukuu wangu alikuwa amezinduka hapo mara nyingi hata wenziwe wakamfanya kitu cha kuchekea. Nilisikia kwa masikio yangu sauti ya kijana ikitoka simuni: "Dada wa Pemba, umekufa tena? Kisima hicho sasa ni chako, jenga na nyumba!"

Mimi sikucheka. Nililitazama lile bonde na vilima vyake, kwa kuwa nilikuwa nikilijua. Niliwahi kuishi ndani yake.

Mpunga ukitia maziwa, yaani punje zinapokuwa bado laini na ukizibonyeza hutoka uji mweupe, ndege huarifiana. Wanakuja mnana kwa makundi, na tumbili wanashuka kutoka msituni. Kwa hiyo kila mwenye bonde alijenga dungu: nguzo ndefu za mkandaa, jukwaa la fito juu yake, na kipaa kidogo cha makuti. Juu ya dungu aliwekwa mtoto. Kazi hiyo tukiiita kuamia. Unapanda wakati umande ungali juu ya majani, na hushuki mpaka ndege warudi kulala. Mwaka ule nilipoanza, mama alikuwa na mtoto mchanga, baba alikuwa na konde la muhogo la kuangalia, na mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata kwa kuzaliwa, alikuwa ameshajaribiwa na kushindwa. Alipanda, akalala. Walipomwamsha, upande wa kibla wa bonde ulikuwa umebaki makapi matupu. Nikapandishwa mimi.

Baba alisimama chini ya ngazi akaniambia neno ambalo nililibeba msimu mzima. "Mpunga huu ukiingia ndani mzima, skuli ikifunguliwa tena utakwenda." Skuli ilikuwa mpya wakati ule, upande wa pili wa bonde, na kengele yake ilikuwa rimu kuukuu la gari lililotundikwa kwenye mwembe. Kutoka juu ya dungu nililiona paa lake. Nikisikia rimu likigongwa, kisha sauti za watoto wakihesabu kwa pamoja, nami niliwafuatisha kwa midomo bila ya kujua walikuwa wakihesabu nini. Sikuruhusiwa kushuka. Chakula changu kilikuwa muhogo wa kuchemsha na kipande cha papa mkavu, kimefungwa katika jani la mgomba. Maji yangu yalikuwa katika kibuyu. Jua likipanda, kipaa hakifuniki miguu. Mvua ikija, hakifuniki kitu.

Sasa andika mafunzo yenyewe, kwa kuwa ndiyo waliyokuomba wenzio wa mchezoni walipoona hufi tena.

Anayeanza humaliza silaha zake kwa adui wa kwanza. Mimi nilikuwa na teo la ukindu la kurushia na pakacha la madonge ya udongo niliyoyafinyanga na kuyaanika. Asubuhi ya kwanza waliteremka mnana wachache, nikawarushia kama mtu aliyevamiwa na jeshi. Teo linazunguka, linalia, donge linaruka, nami nafurahi. Jirani yetu, mwanamke mjane aliyelima majaruba yaliyopakana na yetu, alikuwa akinitazama tangu mwanzo huku akitafuna tambuu.

"Weye mwana!" akaita. "Hao ni watumwa wao, wametumwa kukuhesabu. Wenyewe bado hawajaoga!"

Sikumwelewa. Baada ya hapo likaja wingu lenyewe, limetanda kutoka mti hadi mti, na pakacha langu likawa tupu. Nilipiga makofi, nikalia, nikarusha hata muhogo wangu. Jirani alikuja na debe lake akalipiga mpaka wakaondoka, kisha akasimama chini yangu na kuniambia, bila ya kucheka safari hii, kwamba wachache huondolewa kwa sauti, na donge huwekewa wengi. Akanionyesha namna ya kufunga kamba za makumbi kutoka kwenye dungu hadi pembe nne za bonde, na kutundika juu yake makopo na vifuu vya nazi, ili nikivuta hapa palie kule. Nilipomwona mjukuu wangu akimpiga mbwa mwitu mmoja mgonjwa kwa moto wake mkubwa kabisa, ule ambao ukishatumika huchukua muda kurudi, nilimpiga kofi la mgongo. "Huyo mfukuze kwa kelele," nikamwambia. "Ule moto uweke." Ndani ya mchezo wake mlikuwa na pembe ya kupuliza ambayo hakuwahi hata kuigusa.

La pili nililifahamu kwa uchungu zaidi. Tumbili si ndege. Tumbili hutazama kwanza. Mmoja alikuwa akikaa juu ya mvule ukingoni mwa msitu, anatikisa tawi, anapiga kelele, anaonyesha meno, na mimi nilimchukia yeye peke yake kama kwamba wengine hawakuwapo. Siku moja alishuka akachuma shuke mbele ya macho yangu, akakimbia nalo polepole. Nikaruka kutoka kwenye dungu, nikamfukuza ndani ya mpunga na fimbo mkononi, namkosa, anasimama, ananingoja, namfukuza tena. Niliporudi nikihema, kundi zima lilikuwa limeingia kwa upande nilioupa mgongo, wake zao na watoto wameng'ang'ania matumboni.

Mama alifika na kichanga mgongoni. Hakuwatazama tumbili. Alitazama njia niliyoikata mimi kwa miguu yangu, mpunga umelala huku na huku.

"Tumbili kala mashuke mangapi?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Na weye umeyakanyaga mangapi?"

Nikaificha fimbo nyuma yangu.

"Basi tumbili ni nani hapa?"

Hili ndilo kosa la kila anayeanza, na ndilo lililokuwa likimwua mjukuu wangu. Mbwa mwitu mmoja hujeruhiwa, akakimbia akichechemea kuelekea vilimani, naye akamfuata ili ammalize; nyuma yake lango likavunjwa. Kilichokuleta ni kulinda. Adui anayekimbia ameshakupa ulichokitaka. Mwache aende zake, urudi mahali pako, ukatazame upande ambao hakuna kelele.

Jirani ndiye aliyenifundisha pia kusikiliza. Mnana wakiwa peke yao bondeni, hupigana wenyewe kwa wenyewe na kelele haikatiki. Wakinyamaza ghafla, ujue kuna kiumbe kikubwa kuliko wao kinachotambaa chini ya mashuke. Binti huyu alikuwa akicheza huku amefungulia nyimbo. Nilimwamrisha azime, asikilize mchezo wenyewe. Ikadhihirika kwamba kabla ya zimwi kubwa kutoka, vyura wa kwenye kisima huacha kulia. Wenziwe hawakulijua hilo, na walikuwa wamecheza kuliko yeye.

Kisha kuna suala la vazi. Tumbili hawamwogopi mtoto wa kike. Wanaijua kanga kutoka mbali, na wakiiona hujikuna tu. Jirani alinishauri nivae kanzu kuukuu ya baba na kofia yake. Baba alipinga, mama akanipa bila ya kumuuliza tena. Kanzu ilinifika chini ya nyayo hata nikawa najikwaa juu ya dungu, lakini siku ile yule wa kwenye mvule alinitazama kwa muda mrefu, hakushuka. Mjukuu wangu naye alikuwa amempamba mtu wake kwa joho la dhahabu lenye kumeremeta, ambalo halizuii hata ukucha. Nilimwuliza joho lile amevalia nani. Akasema, "Linapendeza, bibi." Nikamwambia alivue akavae ngozi ile mbaya ya kifaru iliyokuwa imelala katika mkoba wake.

Na la mwisho katika haya ya vita: usiwe peke yako kwa sababu ya kiburi. Nilipoanza niliona haya kumwita jirani. Nilidhani kuita ni kushindwa. Yeye ndiye aliyekuja kunitukana: "Unanyamaza nini huko juu, umeolewa na wingu?" Tangu hapo tukawa na wito wetu. Mimi nikiona kundi linatoka upande wangu, naita "Hoooo-ya!" na yeye hudakia kwake, na wa chini yake hudakia, mpaka bonde zima likawa koo moja. Ndege waliotoka kwangu hawakupata pa kutua. Nakwambia, rafiki yangu, ile sauti ikipita juu ya mpunga wakati wa asubuhi, na mvuke wa umande unapanda, mtoto aliye juu ya dungu husahau kidogo kwamba hawezi kushuka.

Nikaweza. Sisemi kwa kujisifu. Walisema wenyewe watu wa bonde. Mpunga ulipokuwa bado mbichi kidogo mama aliukata wa mwanzo, akaukaanga, akautwanga, tukala pepeta ya moto na nazi. Kisha ukavunwa wote, ukapurwa, ukaingia ndani mzima. Watu walimwambia baba, "Binti yako ana mkono." Wazee wa kiume walinishika kichwa. Nilikuwa nalala huku nikisikia rimu la skuli ndotoni.

Skuli ilipofunguliwa nilioga mapema, nikajipaka mafuta ya nazi, nikakaa kibarazani. Mama alitoka na shati jeupe. Akampa mdogo wangu.

Nilimtazama baba. Alikuwa akimfunga mdogo wangu vifungo, hakuinua macho.

"Na mimi, baba?"

"Wewe unaweza kazi," akasema. "Mwezi huu nguruwe wameanza kuingia kwenye muhogo. Baadaye kuna karafuu. Huyu huku hafai, bora asome."

Jirani alikuwa amefika kuomba moto, na kijinga chake mkononi. Akasimama pale pale.

"Ama weye, Faki! Aliyelala ndiye unayempeleka, aliyekaa macho unamrudisha juu?"

"Aliyelala nikimweka juu, bibie, tutakula nini?"

Jirani alikuwa na majaruba yake yaliyopakana na yetu, na yeye pia mpunga wake uliingia ndani mwaka ule kwa sababu yangu. Alichukua moto wake akaenda. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo. Mama alinipa kipande cha ukoko wenye sukari, akaniambia ni mwaka mmoja tu.

Mwaka uliofuata walinijengea dungu refu zaidi. Watu wa mabonde ya jirani walileta nazi na samaki ili nikawaangalizie na ya kwao. Kila nilivyolinda vizuri zaidi ndivyo nilivyokosa sababu ya kuteremshwa. Mdogo wangu alikuwa akipita ukingoni na ubao wake, akinipungia mkono, na mimi nilikuwa nampungia kwa teo. Jioni alijaribu kunifundisha herufi kwa kuzichora mchangani, lakini macho yangu yalikuwa mekundu kwa jua na mkono wangu wa kulia ulikuwa umechoka kwa teo. Nilipofika umri wa kukataliwa skuli, nilikuwa bado juu. Niliteremka siku nilipoposwa, na dungu akapewa mwingine.

Bonde lile leo halipo. Maji ya chumvi yaliingia, yakaja na kurudi mpaka yakakaa, na pale palipokuwa na majaruba yetu pameota mikoko. Mwanangu alinipeleka kabla ya nyonga kuvunjika. Nilitafuta hata shimo la nguzo sikuliona. Mvule ulikatwa. Mchele sasa hutoka dukani ndani ya mifuko, na watoto wa Makangale hawajui pepeta ya mpunga mbichi ina ladha gani, wala hawajawahi kusikia bonde likiitikiana. Nilisikitika. Niliyakumbuka makopo yakilia pembeni, harufu ya jani la mgomba lililopashwa moto na muhogo, sauti ya jirani. Na papo hapo nilishukuru kwamba nguzo zile hazipo, asije mtu akampandisha mtoto mwingine. Mambo yote mawili yalikuwa kifuani mwangu kwa pamoja, na hadi sasa hayajatengana.

Umeandika? Basi sikiliza, kwa kuwa hili linalofuata halikuombwa na wenzio.

Ulishika niliyokwambia, ukalilinda lango hadi magharibi, ukapewa njia ya kutoka. Nilikuwapo, ulipiga kelele hata baba yako akaja mbio akidhani nimekufa. Huo ni mwezi uliopita, na mpaka leo hujatoka bondeni. Kila alasiri yule kijana mwenye sauti nzito hukuita: "Dada wa Pemba, hakuna anayelishika lango kama wewe, tushikie tu kidogo, sisi tunakwenda kwenye joka." Nao wanakwenda. Wanarudi na mataji na mabawa, wanakusifu, na kesho wanakuita tena. Nawe unatabasamu. Nimeliona tabasamu hilo, na nililijua lilivyo kwa ndani. Vitabu vyako viko chini ya mto tangu Ijumaa. Jana nilikuuliza joka lenyewe likoje, ukasema hujaliona.

Haya mafunzo yote ya vita wapelekee. Wape la kelele na la donge, la tumbili anayekimbia, la vazi, la vyura na la wito. Usiwafiche hata moja, ili kila mmoja wao aweze kulishika lango lile na asiwepo wa kusema kwamba anayeweza ni wewe tu. Kisha, kijana yule akikuita leo, mwambie zamu ni yake.

Wewe mwenyewe hifadhi kitu kimoja. Siku yoyote, katika mchezo, katika kazi, katika nyumba utakayoolewa, watu watakapokwambia kwamba hakuna mwingine awezaye ila wewe, usijibu papo hapo. Tazama kwanza wao wanakwenda wapi wakati wewe umebaki. Ukiona ni mahali ulipotaka kwenda, shuka. Usingoje mpunga uingie ndani, usingoje mtu akushikie ngazi, wala usimwombe ruhusa mtu anayekula kwa sababu uko juu.

Hilo usiliandike kwa ajili yao. Liandike kwenye karatasi yako, uliweke. Sasa nipe simu hiyo, na vitabu vitoe chini ya mto.